Risala ya Wakazi wa Bongwe Kuhusu Kipimo cha Dawa ya Usingizi kwa Wagonjwa Wanene

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale. Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Afya. Afisa Mkuu wa Afya. Na Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi ya Gombato-Bongwe.

Waheshimiwa,

Sisi wakazi wa Bongwe, wake kwa waume, tunaleta risala hii mbele yenu kwa heshima na taadhima. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinaturuhusu kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, na Jedwali la Nne limeweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwenu. Ndiyo sababu tumekuja kwenu.

Tunawasemea ndugu zetu wanene wanaohitaji upasuaji. Hatumtaji mganga wala kituo, kwa kuwa wengi waliotuhudumia walifanya walichoweza kwa vifaa walivyokuwa navyo. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzani unaofaa. Hao ndio akina mama wanaoingia thieta kujifungua, kwa hiyo jambo hili si la watu wachache.

1. Lalamiko letu la kwanza ni kupimwa. Wapo kati yetu waliopanda mizani ikagota mwisho kabla ya kufika uzani wao. Wengine waliulizwa tu, "Mama, una kilo ngapi?" na jibu la kubahatisha likaandikwa kwenye faili. Urefu haukupimwa kabisa. Tumevumilia pia maneno ya mzaha juu ya miili yetu mbele za watu, na wapo walioahirisha upasuaji kwa kuogopa aibu hiyo, ugonjwa ukazidi. Tunaomba kila wodi ya upasuaji na ya uzazi ipewe mizani inayofika kilo 250 na kipimo cha urefu, viwekwe nyuma ya pazia. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mizani katika mikoba yao mwaka 2023, waagizwe kumwandikia mgonjwa uzani na urefu kwenye karatasi ya rufaa kabla hajaondoka nyumbani.

2. La pili ndilo lililotuleta hasa, na tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa urefu. Dawa nyingi za usingizi hukokotolewa kwa kila kilo ya mgonjwa. Kwa mtu mwembamba hesabu ni nyepesi. Kwa mtu mnene kilo zake si za namna moja, maana mafuta hupata damu kidogo kuliko ubongo, moyo na ini, na dawa ya kulaza hufika kwanza penye damu nyingi. Tuchukue mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzani wa kilo 120. Ukiondoa mafuta, mwili wake ni kama kilo 55. Akianzishiwa usingizi kwa propofoli, miligramu 2 kwa kila kilo ya mizani, atapata miligramu 240. Hesabu ikifuata uzani usio na mafuta, ni 110. Tofauti hiyo yaweza kumwangusha presha pale pale mezani.

Hata hivyo hatusemi dawa zote zipunguzwe. Suksametoni, dawa ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia upite kooni, hukokotolewa kwa uzani wote wa mizani. Mama huyo akipewa ya kilo 55, huenda misuli isilegee vya kutosha. Rokuroni, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo, hurudi kwenye uzani ule mdogo usio na mafuta. Na propofoli yenyewe huondoka upesi kwenye ubongo, hivyo dawa ya kuendeleza usingizi ikichelewa mgonjwa anaweza kupata fahamu huku misuli imelegezwa, asiweze kulia wala kuinua kidole. Uchunguzi mkubwa uliotolewa Uingereza na Ireland mwaka 2014 ulikuta wanene ni wengi isivyo kawaida miongoni mwa waliopatwa na masaibu hayo. Mwaka uliofuata wataalamu wa huko walitoa mwongozo unaoeleza kila dawa ifuate uzani upi, na kwamba uzani usio na mafuta ni nadra kupita kilo 100 kwa mwanamume na 70 kwa mwanamke, awe mnene kiasi gani.

Tunaomba jedwali la namna hiyo libandikwe ukutani katika kila thieta ya kaunti, hesabu ya kila mgonjwa iandikwe kwenye faili, na mtu wa pili aihakiki kabla dawa haijavutwa kwenye sindano. Gharama yake ni karatasi na dakika chache.

3. Tatu, akina mama wanaochomwa sindano ya mgongo. Wamechomwa na kuchomwa tena kwa sababu sindano ya kawaida haikufika, nao wakanyamaza kwa ajili ya mtoto. Tunaomba sindano ndefu zisikosekane. Tunaomba pia izingatiwe kwamba dawa ya mgongo haiongezwi kwa kuwa mama ni mzito. Ikipanda juu kupita kiasi, presha hushuka na pumzi hubana.

4. Nne, pumzi. Mtu mnene akilazwa chali mapafu yake hubanwa, na oksijeni humwishia upesi kuliko mwembamba. Kumwinua kifua na kichwa kwa mito hadi sikio liwe sawa na kifua, na kumpa oksijeni kabla ya dawa, ni msaada mkubwa. Hatari haiishii mezani: anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini akipewa morfini nyingi anaweza asiamke. Jamaa wanaolala naye nyumba moja wanalijua hilo, lakini hawaulizwi. Tunaomba swali hilo liwemo katika fomu, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kibaki kidoleni wodini usiku kucha. Mkanda mpana wa kupimia presha nao uwepo, kwa kuwa mwembamba kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli.

5. Mwisho, wataalamu ni wachache. Tumeambiwa mara kwa mara tuvuke Likoni twende Mombasa, mgonjwa na maumivu yake akingoja feri. Tunaomba maafisa wa usingizi waongezwe, na waliopo wapewe mafunzo ya kuwahudumia wanene. Mafunzo hayo hayahitaji safari ndefu, kwa kuwa kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC iko Msambweni, karibu na thieta zenyewe.

Waheshimiwa, tunaomba mtutajie siku ya kuja Bongwe kutujibu hoja hizi moja baada ya nyingine. Tutawaandalia mahali, na akina mama waliopitia haya wako tayari kusema wenyewe.

Ni sisi wenu watiifu,
Wakazi wa Bongwe