Ugeni Nao Uandikwe kwa Kiswahili

Mwaka jana mdogo wangu alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya vitendo, kama nilivyokwenda mimi kabla yake. Aliniomba nimweleze maisha ya huko. Nikamtumia ripoti niliyokiandikia chuo: kurasa 14 za Kiingereza, zenye majedwali ya vipimo vya udongo na picha za mitambo ya maabara. Siku ya pili akanipigia simu kutoka nyumbani, Ikinga: "Shikamoo, kaka. Nimeisoma yote. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi miezi 6 katika mji mdogo karibu na Berlin, nikajifunza kazi, nikakosea, nikasamehewa. Na katika hayo yote sikuwa na ukurasa hata mmoja wa Kiswahili wa kumpa ndugu yangu. Najua siko peke yangu. Wengi wetu tukirudi huwa tumeandika mambo mawili tu: ripoti ya chuo kwa Kiingereza, na ujumbe wa simu kwa wazazi, "Niko salama, baridi ni kali." Rai yangu ni kwamba ugeni wa mwanafunzi ni jambo la fasihi, na kwamba tukiacha kuuandika kwa Kiswahili tunawanyima wadogo zetu urithi, na lugha yenyewe tunainyima mazoezi.

Nitoe mfano. Wiki yangu ya kwanza msimamizi aliniambia tukutane "halb neun". Nilikwisha kujua kwamba neun ni tisa na halb ni nusu. Basi nikaelewa saa tisa na nusu kwa hesabu yao, ambayo kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Nikafika wakati huo, nimevaa nadhifu, nikakuta wenzangu wamekwisha kupima sampuli zote za asubuhi. Kumbe Mjerumani huitaja nusu kwa kuitazama saa inayokuja: halb neun ni nusu ya njia kuiendea tisa, yaani saa mbili na nusu kwetu. Nilichelewa saa nzima. Hakuna aliyenigombeza, walinyamaza tu, na ukimya ule ulinikaa moyoni siku nyingi.

Katika ripoti yangu tukio hilo lilipata sentensi moja, kwamba nilizoea utaratibu wa muda wa mahali pa kazi. Kwa Kiswahili lingekuwa habari kubwa. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama, na kila msomi wa kwetu hubeba hesabu mbili, moja ya mdomo na moja ya saa ya mkononi. Asubuhi ile nilikuwa na hesabu ya tatu, nikajikwaa.

Tena hesabu yetu imezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku bila ugomvi mkubwa. Nilifika Januari, nikaamka saa mbili asubuhi nje kukiwa giza. Nikaondoka mwishoni mwa Juni, saa tatu usiku jua likiwa bado halijazama. Niliposema "saa tatu usiku" huku mwanga unanipiga usoni, neno usiku lilinigomea mdomoni. Hapo lugha ilikuwa imefika mpaka wake, nami nilikuwa nimesimama juu ya mpaka huo. Mtunzi anataka nini zaidi?

Washairi wenzangu watasema kwamba ugenini tumekuimba sana. Ni kweli, lakini tuyatazame tuliyoyaimba: theluji, upweke, mama, machozi. Nami nimo. Shairi langu la kwanza kule lilikuwa na kina cha -zi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba "machozi" lazima yawemo. Lingeweza kutungwa na mtu ambaye hajavuka hata Mto Songwe kuingia Malawi. Isitoshe, baridi haikuwa mgeni wangu. Mtoto wa milima ya Ileje anaijua baridi ya mwezi wa saba kabla hajajua kusoma. Vilivyonishangaza havikuwemo katika shairi: chakula cha jioni cha mkate na jibini, hakikupita motoni; chupa tupu ya plastiki inayorudishwa dukani kwa senti 25, nami nikiitupa kwa wiki 2 bila kujua kwamba natupa fedha. Machozi ni ya kweli, wala siyakatazi. Nasema tu kwamba yanafanana kila mahali, na chupa ile haifanani na kitu kingine.

Wazee walitutangulia katika jambo hili. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, na masimulizi yake ya Ujerumani yalichapwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari ya safari hiyo imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Hawa hawakuwa na kamusi sanifu wala kompyuta, lakini waliyaona ya ugenini wakayaeleza kwa Kiswahili.

Mtu anaweza kunipinga, tena kwa haki, kwamba waliandika kwa kuombwa na Wajerumani, na vitabu vikachapwa kwa manufaa ya Wajerumani. Nakubali, na ndiyo maana mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari hunisumbua. Mtoro, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mchango wake mkubwa umo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 kinachoeleza mambo ya kwao. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi naye nyumbani, na serikali ya kikoloni ikamkatalia mkewe kushuka Dar es Salaam. Walirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Tunacho kitabu chake cha desturi za pwani. Cha miaka yake ya Ujerumani hatunacho, na mengi tunayoyajua juu ya miaka hiyo yametoka katika majalada ya serikali iliyomzuia. Asiyeandika ugeni wake huandikiwa na mwenyeji, kwa lugha ya mwenyeji na kwa haja za mwenyeji. Ripoti yangu ya kurasa 14 nayo ilikuwa jalada. Tofauti ni kwamba nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wapo pia watakaouliza: kwa nini Kiswahili, nawe lugha ya mama yako ni Kindali? Swali zuri. Mimi Kiswahili nilikikuta shuleni. Ndicho kilichokuwa ugenini wangu wa kwanza, na humo ndimo nilimojifunza kuishi kwa maneno niliyopewa na wengine mpaka yakawa yangu. Kindali kina haki yake ya kuandikwa, na natamani kiandikwe. Lakini kijana wa Bukavu au Mombasa anayefunga begi lake wiki hii hataweza kunisoma kwa Kindali. Kwa Kiswahili ataweza.

Barua ya chuo iliniita mwanafunzi tarajali. Ni istilahi yenye heshima, ila mimi nalipenda zaidi neno la zamani, mwanagenzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mwanagenzi hupewa jembe siku ya kwanza, kabla hajajua shamba liko upande gani. Hali hiyo, ya kutumikia na kushangaa kwa wakati mmoja, ndiyo inayostahili kalamu. Mshangao nao haudumu. Baada ya miezi 3 chupa inakuwa chupa tu.

Basi nilimwandikia mdogo wangu upya, kurasa 7 za Kiswahili, nikaanza na halb neun. Nikamsihi anunue daftari, na kila siku aandike jambo moja lililomshangaza, kabla hajalizoea.

Mwezi Juni alinitumia ujumbe: "Kaka, ni saa tatu usiku na jua bado lipo. Niliandikeje hili?"

Nikamjibu aliandike hivyo hivyo.