Akina baba nao wafundishwe dalili za hatari

Presha ya mke wangu ilisomeka 170 kwa 110, mimba ikiwa ya wiki 35. Tangu alfajiri alilalamika kichwa na kuona vimulimuli; mama mkwe akasema ni joto la Dar es Salaam. Jirani yetu, mkunga mstaafu, ndiye aliyetutoa mbio: "Mwanangu, mpeleke sasa hivi. Kifafa cha mimba hicho kinabisha hodi."

Hospitalini alichomwa sindano ya magnesiamu salfeti kuzuia degedege. Mimi nilipewa karatasi nitie saini, nikaelekezwa benchi la nje. Muuguzi wa zamu ya usiku, Mungu ambariki, ndiye aliyenieleza kwamba tiba hasa ni mama kuzalishwa, na kwamba hata baada ya hapo hatari haiishi siku hiyohiyo. Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji. Wote wawili wazima.

Kliniki hutuita akina baba hudhurio la kwanza, tupimwe virusi vya Ukimwi, basi. Ni sawa, lakini mbona somo la dalili za hatari hatuketi? Kichwa kisichotulia, macho kufifia, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu: anayetafuta bajaji usiku wa manane ni sisi (nauli yenyewe tusiitaje).

Wizara ya Afya iagize baba anayefika kliniki aingizwe ndani, afundishwe. Nawe msomaji, usisubiri agizo. Hudhurio lijalo uliza: presha ngapi, na mkojo umepimwa protini?