Acheni kuiabudu siku ya 14

Hapa Bugarama, kwa wakulima wa mpunga, kwa vibarua wa kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kwa wachuuzi wanaovuka kwenda Kamanyola, siku ya 14 imepewa heshima isiyoistahili. Mke akikaa miezi bila kushika mimba, shangazi humwita pembeni na kumuuliza kama anaijua siku yake. Huambiwa ahesabu kumi na nne tangu damu ilipoanza. Basi atampigia simu mumewe aliyepeleka lori Kigali arudi upesi, kesho ndiyo yenyewe. Mwezi ukipita na hedhi ikarudi, lawama humwangukia yeye: hajui kuhesabu.

Anajua sana. Hesabu aliyopewa ndiyo mbovu.

Chimbuko lake si uongo. Katika miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Kabla ya inayofuata, jamani, si baada ya iliyopita! Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu hizo mbili hukutana, na watu wakadhani ni kitu kimoja.

Sasa mchukue mwenye mzunguko wa siku 35. Yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Mbegu za mume huweza kuishi mwilini mwa mke hadi siku tano hivi, kwa hiyo zile za siku ya 14 hufa kabla yai halijatoka. Jirani yake ana mzunguko wa siku 24: la kwake hutoka karibu na siku ya 10, wala halimalizi siku nzima likiwa hai. Dereva anayefika siku ya 14 amechelewa, hata angeendesha usiku kucha. Na wanawake hao wote wawili ni wazima kabisa.

Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 wa Marekani waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zilishika ndani ya siku sita tu, ya mwisho ikiwa ile ya yai kutoka. Siku sita! Tena waliporudia takwimu hizo mwaka 2000, waliona kuwa ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao sita zote ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Rwanda tuna urunigi, ile kamba ya shanga 32 ambayo vituo vya afya vimekuwa vikiifundisha kwa ajili ya uzazi wa mpango. Shanga nyeupe, za siku ya 8 hadi ya 19, ndizo tulizozizoea kama siku za hatari. Anayetaka mtoto azichukue hizo hizo ziwe zake, mradi mzunguko wake uwe kati ya siku 26 na 32. Hata shanga zinakupa siku 12, shangazi anakupa moja!

Mwenye mzunguko mrefu zaidi, mfupi zaidi, au unaoyumbayumba, autazame mwili wake. Ute wa ukeni ukiwa mwepesi na unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, wakati umefika. Kina mama wa Kiislamu waliojaa mtaani kwetu hujikagua kila mwezi wajue kama wametwaharika ili warudi kwenye swala. Kwao hili si jambo geni, ni kuongeza macho kidogo tu. Na asiyetaka kutazama wala kuhesabu, basi wakutane kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima. Inatosha.

Mkijaribu mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita kama mke ametimiza miaka 35, nendeni hospitali, na nasema nendeni kwa wingi. Baba, usimtume mkeo peke yake na kalenda mkononi. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume naye ana sehemu yake katika tatizo, na kipimo chake cha mbegu ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa mkewe.