Usukani wa vitufe: usiidanganye taa

Jamani, juzi nilijaribu kuuvisha Toyota Fielder yangu usukani wenye vitufe vya redio na simu, mtumba kutoka Japani. Kazi yenyewe si uchawi. Katika gari kama hili kila kitufe kina rezista yake. Ukibonyeza, redio inapima volti na kujua unataka sauti ipande au wimbo ubadilike. Waya mbili tatu hubeba amri zote.

Fundi alikata betri, tukangoja sekunde 90 ili umeme uliobaki usifyatue mfuko wa hewa. Akafunga usukani, akawasha gari. Vitufe vikafanya kazi! Lakini taa ya mfuko wa hewa ikakataa kuzima. Kumbe kifuniko cha katikati kilikuwa ganda tupu, mfuko haumo.

Fundi akasema, "Hiyo ni kitu kidogo, boss. Tunatia rezista, taa inazima."

Nikakataa. Nikificha kosa kwenye programu, mteja atapiga simu kesho. Hapa kompyuta ya gari itaamini mfuko upo, na siku ya ajali kifua changu ndicho kitakachojua ukweli. Tena nikiuza gari, nitakuwa nimemuuzia mwenzangu mtego.

Nimerudisha usukani wa zamani. Msimamo wangu ni huu: nunua usukani pamoja na mfuko wake, na fungua kifuniko uuone kabla ya kulipa. Redio tunaweza kuipandisha kwa mkono.