Ushuru wa data wamkwaza msomaji wa historia Lubaga

Kwa mkazi wa Lubaga, jijini Kampala, kusoma historia ya dunia kwa kiwango cha chuo kupitia intaneti ni jambo linalowezekana. Japani ilifungua hazina ya nyaraka zake kuhusu Asia mtandaoni mwaka 2001, na kuzisoma ni bure, ingawa nyingi ni za Kijapani. Kinacholipiwa ni bando.

Tangu Julai 2021 Uganda hutoza data ya intaneti ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Sheria inasamehe data ya elimu na tiba. Hata hivyo, ni vigumu msamaha huo kumfikia anayejisomea: bando hununuliwa kabla haijajulikana litafungua mhadhara juu ya Mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868 au mechi ya kandanda.

Wala somo hilo si geni kwa kilima hicho. Mwaka 1875, Japani ikiwa katikati ya mageuzi yake, Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa na mji mkuu wake Lubaga, akimpokea Stanley. Tawala zote mbili zilikabiliwa na swali moja: wageni wenye bunduki na vitabu wapokewe kwa masharti gani?

Wakati wa janga la korona, kampuni za simu ziliachia bure tovuti za mafunzo za vyuo vya Uganda. Kitaalamu, basi, njia ipo. Hazina za kumbukumbu za nje hazikuwa lengo la hatua hiyo.