Homa ya Mchungaji na Homa ya Ng'ombe Wake

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, mtu akishikwa na homa hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwani nchi tambarare ya mkoa wa Tanga imeteswa na malaria kwa vizazi vingi. Hata hivyo, mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Miongoni mwa wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria kali, ni 2,062 tu, yaani chini ya nusu, waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu. Je, waliobaki walikuwa wakiugua nini?

Jibu moja lilipatikana Moshi, ambako wagonjwa 870 wa homa waliolazwa kati ya mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa makini. Waganga walidhani 528 kati yao wana malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kwa upande mwingine, takriban robo ya wale waliopimwa zaidi walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa zinazoletwa na kupe, na ule ugonjwa ambao kwa ng'ombe huitwa wa kutupa mimba. Lakini maradhi hayo kwa kawaida huthibitishwa kwa kupima kingamwili mara mbili, majuma kadhaa yakipita kati ya kipimo na kipimo. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani leo, jibu la mwezi ujao halina faida kubwa.

Hapo ndipo kipimo cha kimolekuli kinapostahili kusifiwa, maana hutafuta chembe za urithi za kijidudu chenyewe. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Msingi wake unaweza kufundishwa ubaoni. DNA ikipashwa moto hadi kiasi cha digrii 95, nyuzi zake mbili huachana. Joto likishushwa, vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabarani, tuviite vipande viongozi, hujibandika mahali panapolingana navyo. Kisha kimeng'enya kilichotokana na bakteria wa chemchemi za moto hujenga uzi mpya. Kila mzunguko huongeza idadi maradufu. Mwanafunzi na akokotoe mbili kwa kipeo cha 30, ataona jinsi nakala moja inavyozidi bilioni moja katika muda wa saa chache.

Ila kipimo hiki kina tabia ambayo hutajwa mara chache: hujibu swali lile tu kilichoulizwa. Vipande viongozi vya malaria havitaona bakteria wa mgunda hata wakijaa katika mrija. Kwa hiyo anayechagua maswali ndiye anayeamua, kabla ya mashine kuwashwa, ni magonjwa gani yataonekana. Nchini mwetu maswali hayo yamegawanywa baina ya wizara mbili. Damu ya mtu huulizwa maswali ya Wizara ya Afya, na damu ya ng'ombe huulizwa maswali ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mchungaji na ng'ombe wake hulala boma moja, huumwa na kupe wale wale, lakini majibu yao hayakutani.

Historia ya Handeni ingepaswa kutufundisha zaidi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, ameeleza jinsi Wazigua walivyoweza kufuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o kwa kuzuia vichaka visitawale makazi, na jinsi njaa na utawala wa kikoloni vilivyovuruga utaratibu huo, vichaka vikarudi na nagana ikaenea. Vimelea wa nagana na wa malale ni ndugu. Mmoja wa ndugu hao, Trypanosoma brucei, ana aina iletayo malale na aina isiyomdhuru mtu, na hadubini haiwezi kuzitofautisha. Jeni moja, iitwayo SRA, ndiyo huitambulisha aina ya malale ya Afrika Mashariki. Malale yalipozuka Soroti, Uganda, mwaka 1998, ilibainika kwamba ng'ombe walioletwa kuuzwa mnadani ndio waliokuwa wamebeba vimelea hao. Katika mkoa wetu wa Tanga, mbung'o wa msitu wa Msubugwe walipopimwa kwa njia hii, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha aina ya kimelea ambayo haikuwa imeelezwa na wataalamu kabla ya hapo.

Kifua kikuu kinatoa mfano ulio wazi zaidi. Mashine ya GeneXpert, ambayo leo imeenea katika hospitali nyingi za wilaya, hutambua kundi zima la bakteria wa kifua kikuu. Haisemi kama ni wale wa mtu au ni Mycobacterium bovis, wa ng'ombe, ambao huweza kuingia mwilini kwa njia ya maziwa mabichi. Si jambo dogo hili. Bakteria wa ng'ombe kwa asili yao hawauawi na pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa. Mwaka 2001 R. R. Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake waliripoti kwamba bakteria hao wamepatikana katika matezi ya shingo ya wagonjwa Watanzania. Bila swali la pili kuulizwa, mtoto wa mfugaji wa Handeni mwenye tezi shingoni atapewa dawa nne, moja kati yake ikiwa haifanyi kazi, na ng'ombe aliyemwambukiza ataendelea kukamuliwa.

Tangu Juni 2022, tena, familia kutoka Ngorongoro zimehamia kijiji cha Msomera, Handeni, pamoja na mifugo yao. Mabishano juu ya uhamisho huo ni makubwa na si kazi ya makala haya kuyaamua. Kwa mtu wa maabara jambo moja linatosha: mifugo ya nyanda za juu imekutana na kupe na wadudu wa nchi ya chini, na makundi yaliyokuwa mbalimbali sasa yanachangia maji na malisho.

Korogwe ina maabara ya utafiti ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria RTS,S. Ofisi ya Waziri Mkuu nayo ina dawati la Afya Moja, ambalo mpango mkakati wake ulizinduliwa mwaka 2018. Wataalamu wapo, na mpango upo. Kinachokosekana ni meza moja wilayani ambapo sampuli mbili zitawekwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba vitendanishi ni ghali na umeme hukatika. Ni kweli, na yafaa kuongeza kwamba mrija ukichafuliwa kidogo tu hutoa jibu la uongo. Kwa sababu hiyo nisingependekeza kupima kila mtu na kila mnyama. Ningeanza na nyumba ambazo ng'ombe au mbuzi wametupa mimba. Bwana mifugo akipata taarifa, achukue sampuli ya mnyama, na siku hiyo hiyo amwarifu mganga wa zahanati, ili wenye homa katika nyumba hiyo nao watolewe damu. Sampuli zote ziende Korogwe katika sanduku moja la barafu, ziulizwe maswali mamoja, na majibu yarudi kwa wote wawili. Bwana mifugo na mganga huyo, kwa kawaida, ni watumishi wa halmashauri moja, chini ya mkurugenzi mmoja. Barua ya kuwaagiza haihitaji kwenda Dodoma.