BAJETI ISEMWE KWA LUGHA YA MLIPAJI



Siku ya Bajeti Waziri wa Fedha husimama Bungeni akataja mabilioni. Mabilioni yana maana gani kwa mtu wa shilingi 25,000 kwa mwezi? Yeye ajua shilingi 375 za nyumba na 687 na senti 50 za afya, maana hizo hukatwa kabla hajaugusa mshahara. Twataka tuambiwe vivyo hivyo: katika kila shilingi mia tuliyotoa, ngapi zimelipa madeni, ngapi zimenunua dawa?

Wakubwa husema mambo haya ni magumu. Si kweli! Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kutoza mkate kodi ya asilimia 16. Vijana waliufasiri kwa lugha za nyumbani, bila kulipwa hata senti, na mama wauza mboga wakaujadili kuliko Wabunge wengine. Rais aliukataa tarehe 26 Juni, lakini damu ilikwisha mwagika.

Katiba, kifungu cha 201, yataka uwazi na wananchi washirikishwe. Makadirio yapasa kufika Bungeni mwisho wa Aprili. Basi tufasiriwe wakati huo, kwa Kiswahili, malangoni pa viwanda, si baada ya kura kupigwa.